Daftari la Vyakula vya Simuni

Ninyi mtakaosoma barua hii, naomba radhi mapema kwa mwandiko huu na kwa maneno ambayo nitakuwa nimeyakosea. Niliishia darasa la saba. Tangu hapo kazi yangu ni kuchuma chai, kukata majani ya ng'ombe na kubeba mikungu ya ndizi mpaka barabarani, na hakuna hata moja kati ya hizo inayodai kalamu. Herufi zangu zinalala upande kama mahindi yaliyopigwa na upepo. Tena naandika polepole, ukurasa mmoja unaweza kumaliza asubuhi nzima. Naandika hivyo hivyo kwa sababu kusema mbele za watu kunanishinda zaidi.

Habari yenyewe ni kwamba mdogo wangu wa kike hali chakula. Ana miaka kumi na sita, yuko kidato cha pili, na kila nikimtazama naona amepungua kuliko jana. Mwanzo wa jambo hili naujua, kwa sababu niliuandika mwenyewe kwenye daftari, siku kwa siku, bila kujua ninachoandika.

Tunaishi Kisiba, upande wa Tukuyu, watu watatu: bibi mzaa mama, mdogo wangu na mimi. Mama yuko Tunduma kwenye biashara ya nguo na huja sikukuu. Bibi ndiye aliyetulea. Nyumbani anasema Kinyakyusa, Kiswahili chake ni cha kanisani na sokoni. Chakula chake ni ndizi. Anajua kuzipika kwa maharage, kwa maziwa, kwa karanga, na ile mbalaga yake, ndizi zilizopikwa na nyama, watu walikuwa wanaisifu mpaka Masukulu.

Mvua zilipokuwa zimekolea alikuja dada mmoja mtafiti kutoka chuo. Mtendaji wa kijiji akatuita ofisini vijana wenye simu za kupangusa. Yule dada akaeleza kwamba wanataka kujua matumizi ya mitandao ya kijamii yanahusianaje na vyakula ambavyo mtu anakutana navyo humo. Anaviona mara ngapi, nani kaviweka, alivitafuta au vilimjia vyenyewe, na baada ya kuviona alifanya nini. Vijana walicheka. Mmoja akauliza kama akikutana na nyama choma anaruhusiwa kulamba kioo. Mtafiti akamjibu kwa utulivu kwamba anaruhusiwa, ila aandike kwenye safu ya mwisho. Basi wakamgeukia yule kijana kumcheka yeye.

Mimi niliposikia habari ya kuandika nilianza kusogea mlangoni. Mtafiti akanifuata nje, akaniambia mwandiko si tatizo, anachotaka ni ukweli. Akaniuliza kama simu ni yangu. Nikasema ni yangu. Akauliza kama kuna mtu mwingine anaitumia. Wenzangu walikuwa wamesimama pale dirishani. Nikaona nikisema kwamba kila jioni nampa mdogo wangu, na kwamba bibi naye huwekewa kwaya asikilize, watanitania mpaka Krismasi, kwamba simu yangu ni ya ukoo. Nikajibu hapana, naitumia peke yangu.

Nilipewa daftari lenye mistari ya safu, kalamu mbili, na bando la wiki nane. Sikuwahi tangu shuleni kupewa daftari jipya. Nililivisha gazeti.

Wiki ya kwanza niliandika kidogo. Simu yangu wakati ule ilikuwa inaniletea mpira, pikipiki na kwaya. Chakula kilikuja mara moja moja, labda mtu ameweka picha ya keki ya harusi, labda muuza chipsi wa Tukuyu anatangaza kijiwe chake. Safu ya mwisho, ile ya ulifanya nini baada ya hapo, nilijaza karibu kila siku maneno yale yale: nikala ndizi. Mtafiti alipopita mwisho wa wiki alisoma, akatabasamu, akasema endelea hivyo hivyo.

Kosa langu lilikuwa kwenye namna ya kuandika. Wenzangu waliona chakula, wakaandika neno moja haraka, wakapitisha. Mimi siwezi. Kuandika "wali na samaki, mama nisiyemjua, ulikuja wenyewe" kunanichukua muda. Kwa hiyo nilikuwa naiacha ile video pale pale, inajirudia na kujirudia huku mimi nimeinama kwenye daftari, nikiinua kichwa kuhakikisha kama ni samaki au kuku. Video moja ilicheza hata mara kumi kabla sijafika safu ya mwisho. Nilijiona mwaminifu kuliko wote.

Wiki ya pili mpira ulipungua. Wiki ya tatu haukuwepo tena. Nilikuwa nikifungua tu, chakula. Sufuria, vikaango, mikono inakata vitunguu, watu wanatafuna karibu na kinasa sauti mpaka unasikia meno yao. Nikawa najaza kurasa nne kwa siku. Nilifurahi kwa ajili ya mtafiti. Nilidhani dunia nzima imeanza kupika.

Baadaye vikaja vyakula vya namna nyingine. Walikuja wanawake wembamba, jikoni kwao ni kweupe, wanashika ndimu na tango, wanasema kipi kiachwe. Hivyo navyo niliviandika. Nakumbuka video moja niliiandika muda mrefu kuliko zote kwa sababu maneno yake yalikuwa magumu. Dada mmoja alikuwa ameweka ndizi za kupika mezani, akazisukuma kwa mkono mpaka zikaanguka chini, akasema huyu ndiye adui wa tumbo lako. Niliirudisha mara nyingi nipate kuandika sawasawa. Safu ya mwisho nikajaza: nikala ndizi.

Jioni, tukishamaliza kazi, simu ilikuwa ya mdogo wangu. Alikuwa anasema anasoma maswali ya mitihani iliyopita, na kweli alikuwa anasoma. Lakini simu aliyoipokea ilikuwa ile niliyoinoa mimi mchana kutwa.

Sasa lazima niseme kwamba mdogo wangu alikuwa mnene kidogo, unene wa kwetu, wa mtoto aliyelelewa na bibi. Shuleni wasichana walikuwa wanamtania kwamba akikaa benchi upande huu, wenzake upande ule wananyanyuka juu. Nyumbani alitusimulia akicheka, na sisi tukacheka naye. Leo kile kicheko kinaniuma.

Alianza kwa kusema ameshiba. Kisha akasema amekula shuleni. Kisha akawa anachukua sahani anakwenda nayo nje, na mbwa wa jirani akaanza kuja kwetu kila jioni. Mimi niliona mbwa, sikuona zaidi ya hapo.

Bibi aliona. Lakini bibi aliona kitu kingine. Huku kwetu mtu kukaa na wenzake ni kula nao. Mtu akianza kukataa chakula cha nyumba fulani, hasemi kwamba hana njaa. Anasema anaogopa mkono uliopika. Watoto wa siku hizi hawalijui hilo vizuri, lakini mtu wa umri wa bibi analijua kama anavyojua jina lake. Mjukuu wake wa kumlea, aliyemlisha kwa kijiko, alikuwa anamwambia kila siku mchana kweupe kwamba yeye ni mchawi. Hivyo ndivyo alivyosikia bibi, wala hakumwambia mtu.

Siku moja, Jumamosi mchana, bibi alipika ndizi na maziwa. Akamwekea mdogo wangu sahani mbele yake. Mdogo wangu akaanza maneno yake ya kushiba. Bibi akainama, akamega kipande kutoka sahani ile ile, akala, akameza, akafungua mdomo kidogo kumwonyesha kuwa amemeza.

"Nimeanza mimi," akasema. "Sasa kula, mwanangu."

Kumwonjea mtu namna hiyo hufanyiwa mgeni, au mtu mliyekuwa na ugomvi mzito naye, mnapatanishwa. Sikuwahi kuona mtu akimfanyia mtoto wa nyumbani mwake. Mdogo wangu aliitazama sahani machozi yakimtoka. Akakichukua kijiko. Akakirudisha. Akainuka, akaenda kulala mchana ule na shuka usoni. Bibi akamalizia ile sahani peke yake, kijiko kwa kijiko, kama mtu anayekunywa dawa.

Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kizingiti. Daftari lilikuwa mapajani mwangu. Nilikuwa nimeandika kila kitu, yule dada na ndizi zake, wale wote wa ndimu na tango, lakini bado sikuunganisha. Nilidhani ni mambo ya wasichana, au mapenzi.

Wiki iliyofuata mdogo wangu alianguka mstarini asubuhi. Mwalimu alimleta kwa bodaboda. Tukampeleka zahanati, wakasema damu imepungua na mwili hauna nguvu, wakauliza anakula nini. Bibi akajibu kwamba anapika kila siku. Muuguzi akamuuliza mdogo wangu, yeye akanyamaza. Waliokuwa kwenye foleni walisikia yale maswali, na walikiona kile kimya. Nafikiri habari ya mtoto anayeogopa chakula cha bibi yake ilianzia pale kwenye benchi la zahanati, ikafika kijijini kabla yetu.

Bibi yuko kwenye kikundi cha akina mama wanaosali nyumba kwa nyumba. Kila Alhamisi nyumba moja, na mwenye nyumba anapika. Zamu ya bibi iliangukia wiki ile. Alianza kupika tangu alfajiri, mbalaga yenyewe, na nyama aliyoagiza Tukuyu. Akina mama walikuja wote. Waliimba, wakasali, wakamwombea mdogo wangu kwa sauti. Kisha sahani zikaletwa zimefunikwa. Mmoja akasema ametoka kula nyumbani. Wa pili akasema tumbo. Wa tatu akaomba afungiwe aende nacho, na wengine wote wakaona hiyo ndiyo njia nzuri, wakafungiwa kwenye majani ya migomba. Hakuna aliyefungua chakula mbele ya bibi. Walimshukuru sana: ndaga, mama, ndaga. Jioni nikienda kukata majani nilikuta viwili kati ya vile vifurushi vimetupwa mferejini, karibu na njia panda.

Nilirudi nyumbani bila majani. Nilijua lazima niseme. Sikuwa na hakika ya kusema nini, wala kwa nani. Nikasimama mlangoni mwa jiko na bibi akanitazama, akasema tu kwamba hatapika tena, watu wasije wakafa kwa ajili yake. Tangu siku ile kijiko kikubwa cha mti kikawa kinaning'inia ukutani. Nikawa napika mimi, vibaya.

Mtafiti alikuja siku ya mwisho kukusanya madaftari. Tulikaa chini ya paa la kibanda cha kupimia chai kwa sababu mvua ilikuwa kubwa. Alifungua daftari langu, akaanza kuhesabu kurasa, uso ukachangamka. Akasema hakuna kijana aliyeandika kama mimi, na kwamba mimi ni mfano kamili wa walichokuwa wanakitafuta, mtu akizidi kuwa mtandaoni ndivyo chakula kinavyozidi kumfuata. Akauliza kama kuanzia wiki ya tatu niliongeza muda wa kushika simu. Nikamwambia sikuongeza, nilikuwa naandika tu. Akauliza naandikaje. Nikamwonyesha. Nikafungua simu, video ikatokea, nikaiacha ijirudie, nikainama, nikaanza kuandika.

Alinitazama mpaka nikamaliza mstari. Uso wake ulikuwa umebadilika.

"Simu haijui kwamba unaandika," akasema taratibu. "Inajua tu kwamba umekaa kwenye video ile ile. Ikaona unavipenda, ikakuletea zaidi."

Hapo ndipo niliposikia kichwa changu kinajaa maji. Nikakumbuka jioni zote nilizomkabidhi mdogo wangu ile simu mkononi, bado ina joto la mkono wangu. Nikamwambia mtafiti yote, vibaya, nikirudi nyuma na kuanza upya. Nikamwambia pia kwamba nilidanganya, simu si yangu peke yangu. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Alisema kosa ni lao pia, walipaswa kuuliza nyumbani na si ofisini, na walipaswa kufikiri juu ya mtu anayeandika polepole. Nikamwomba aje amweleze bibi, maana yeye ana maneno. Alisema kwanza lazima awaarifu wakubwa wake, ndio utaratibu, lakini akaniandikia karatasi ya kumpeleka mdogo wangu hospitali ya Tukuyu. Kisha akaniachia daftari nililodhani atalichukua. Alipiga picha kurasa zake, akanirudishia, akasema hili linahitajika zaidi kwenu.

Nilikaa nalo siku tatu. Siku ya nne, tulipokuwa tumemaliza uji wa asubuhi, bibi na mimi tumekunywa, mdogo wangu amekishika kikombe tu, nikalifungua. Sikuwatazama. Nikaanza kusoma kwa sauti tangu wiki ya tatu. Mimi kusoma kwangu nako ni kwa kushika kila neno kwa kidole. Nilisoma saa, nikasoma chakula, nikasoma nani kaweka, nikamfasiria bibi kwa Kinyakyusa. Nilipofika kwa yule dada wa kusukuma ndizi, mdogo wangu alimalizia maneno yake mwenyewe kabla sijayasoma, neno kwa neno, bila kukosea. Alikuwa ameyakariri.

Bibi aliweka kikombe chini. Kisha akamgeukia mjukuu wake.

"Kwa hiyo unayemwogopa ni mimi, au ni ndizi?"

"Ni ndizi, bibi."

Bibi akacheka. Sikuwa nimesikia kicheko chake kwa wiki nyingi. Alicheka akijipiga magoti, akasema kumbe mzimu wenyewe uko shambani unazaa kila mwaka, tuukate. Mdogo wangu naye akacheka kidogo. Mimi nikaona tumepona. Bibi akashusha kile kijiko ukutani, akamenya ndizi nne tu, ndogo, akazipika laini kama za mtoto. Tukakaa wote watatu kwenye jamvi.

Mdogo wangu alikula mara ya kwanza. Akala mara ya pili. Mara ya tatu mkono wake ulifika katikati ukasimama hapo mpaka ndizi ikaanguka. Aliutazama ule mkono kama wa mtu mwingine.

"Nataka, kaka," akaniambia. "Nataka kabisa. Mkono ndio haukubali."

Bibi alichukua ile ndizi iliyoanguka akaifunga kwenye kiganja. Hakucheka tena.

Hapo ndipo tulipo. Nilidhani jambo likishajulikana mwanzo wake linaisha, lakini haliishi. Mitandao nimeifuta yote kwenye simu, na haikusaidia, kwa sababu wale watu hawahitaji tena simu, maneno yao anayo kichwani. Tukuyu tunakwenda kila baada ya wiki mbili. Daktari ni mpole, anampima uzito, anaandika, anasema tusimlazimishe na pia tusimwachie, na mimi njia nzima ya kurudi nawaza namna ya kufanya mambo hayo mawili kwa wakati mmoja. Mara ya mwisho mshale wa mizani ulisimama chini ya ule wa mara iliyotangulia. Shule amesimama. Akina mama wanamsalimia bibi vizuri, lakini zamu zao za Alhamisi wamezipanga upya na nyumba yetu haimo. Nilijaribu kwenda kwa kiongozi wao kumsomea daftari. Nilifika mpaka uani, nikawakuta wanne wanapukuchua mahindi, nikauliza kama wameona ndama wetu, nikarudi. Ndama hatuna.

Bibi hunifokea, anasema nisijifanye nimeua mtu kwa kalamu. Lakini yeye mwenyewe siku hizi hali mpaka mjukuu ale, na mjukuu hali, na kijiko amekirudisha ukutani, kwa hiyo ninapika mimi sahani tatu na ninamaliza moja kwa aibu.

Nimeandika haya kwa siku kumi na moja. Sitafuti wa kunihurumia, wala wa kumlaumu yule mtafiti, kwa sababu alichouliza kilikuwa cha maana na jibu lake liko hapa nyumbani kwetu limelala na shuka usoni. Ninayemtafuta ni mtu aliyewahi kuwa na mtoto, au ndugu, au yeye mwenyewe, aliyefika mahali mkono haukubali, kisha siku moja ukakubali. Nataka kujua siku ile ilikuwaje. Mlikuwa mmekaa wangapi? Sahani ilikuwa na nini? Mtu aongee, au anyamaze? Mimi anaposhika kijiko sijui kama nikae naye au nitoke nje, na kila nikichagua moja naona ndiyo niliyokosea. Mniandikie kupitia ofisi ya mtendaji wa kijiji, Kisiba. Mkiwa na mistari miwili tu, leteni hiyo miwili.